Kuchi wangu wa Dodoma: nilivyowapata na ninavyowalisha

Watu wakiona jogoo wangu huniuliza kwanza nawalisha nini. Mimi huwajibu kwa kuwauliza wao wamepata wapi mbegu, maana hakuna pumba wala dagaa atakayemgeuza chotara kuwa kuchi, yule kuku wetu wa kienyeji mrefu. Siku hizi kila jogoo mrefu mnadani anaitwa kuchi, na wengi wao wana damu ya kuroiler au sasso, mbegu za kisasa zilizotoka nje. Wanakua haraka, wana nyama, sina ugomvi nao. Ila kuchi ni kuku mwingine, na ukitaka kumfuga lazima umjue kwa sura yake.

Kuchi anasimama wima, kifua mbele, mkia umeshuka nyuma. Miguu ni mirefu na minene, shingo ndefu. Kilemba chake ni kidogo na kimelala kichwani kama nusu ya karanga, hakina meno marefu yaliyosimama. Ndevu za chini ya mdomo ni fupi sana au hazipo kabisa. Mdomo ni mfupi, mnene, umepinda. Manyoya ni haba, na kwa jogoo mkubwa utaona ngozi nyekundu kifuani na shingoni. Kilemba ndicho ninachokiangalia kuliko vyote, kwa sababu miguu mirefu hata chotara anayo, lakini chotara wengi hutoa kilemba chenye meno.

Kwao hasa ni kanda ya ziwa na magharibi: Mwanza, Shinyanga, Tabora, mpaka Singida. Pwani ya Kenya na visiwani pia wapo. Watafiti waliopima vinasaba vyao wamekuta undugu na shamo, kuku wa kupigana wa Japani, kwa hiyo yaelekea asili yao ilikuja kwa bahari, ingawa leo wengi wao wako bara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walipopima kuku wa kienyeji wa Tanzania walipata jogoo wa kuchi wa wastani wa kilo 2.7 hivi na tetea wa kilo 1.8. Hao ni kuku waliojitafutia chakula vijijini.

Mbegu yangu niliifuata Singida, nikapita nyumba kwa nyumba vijijini. Mnadani unamwona kuku mmoja tu, nyumbani unaona ukoo mzima. Mzee mmoja wa Kinyaturu niliyemkuta akiwafungulia kuku wake asubuhi aliniona nimemkodolea macho jogoo mchanga, akaniambia, "Mwanangu, huyo mwache kwanza. Mtazame mama yake anavyosimama, halafu uniulize bei." Nikamtazama. Alikuwa tetea mwekundu mwenye miguu kama ya jogoo, kilemba kimelala vizuri, na watoto wake wote wamefanana naye. Kwa mzee yule nilichukua matetea, na jogoo nikamtafuta kijiji kingine ili damu isiwe moja.

Kuwasafirisha kunataka utaratibu. Nilipata kibali kwa afisa mifugo, nikawaweka kwenye matenga, kila jogoo peke yake, tukasafiri usiku joto likiwa limepungua. Nyumbani niliwatenga na kuku wengine wiki tatu. Kuku anaweza kufika akiwa mzima machoni kumbe amebeba ugonjwa wa mdondo (Newcastle), na mdondo ukiingia bandani haukuachii kitu. Chanjo ninayotumia ni ile ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na hata kuku akionekana na afya namna gani siruki zamu.

Njia ya pili ya kupata mbegu ni mayai, na ni rahisi zaidi kama una mtu unayemwamini huko. Yasizidi siku saba tangu kutagwa. Yapakiwe kwenye maranda, ncha nyembamba ikiwa chini, na yakifika yatulie siku nzima kabla ya kuatamishwa. Mimi huwapa kuku wa kienyeji wa kawaida wayalalie. Kuchi ni mama mzuri lakini ni mzito, huvunja mayai, na pia hatagi mengi. Ukimpunguzia kazi ya kulea, anarudi kutaga mapema.

Sasa chakula. Umbo la kuchi ni mifupa. Ukimlisha chakula cha vifaranga vya kuku wa nyama kikuongezee uzito haraka, mwili unaitangulia miguu, na jogoo mwenye miguu iliyopinda hana thamani hata awe na kilo nne. Kwa hiyo miezi minne ya mwanzo nalisha mwili ujengeke polepole. Wiki nane za kwanza vifaranga wanapata chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Baada ya hapo nashuka mpaka 16. Chakula cha kuku wa mayai siwapi kabisa kabla hawajaanza kutaga, kwa kuwa chokaa yake ni nyingi mno kwa kuku anayekua na huumiza figo.

Dodoma tuna bahati ya mtama. Mtama mweupe, kama mbegu ya Macia, unashika nafasi ya mahindi vizuri, tena mwaka wa ukame ndio unaopatikana. Ule mwekundu wenye ukakasi nauepuka, unazuia kuku kufaidi protini. Mashudu ya alizeti yanatoka Singida na Kongwa. Dagaa ni wa Mwanza. Mchanganyiko wangu wa kilo 100 kwa kuku waliovuka wiki nane uko hivi: mtama mweupe uliobarazwa (uliosagwa chenga) kilo 40, pumba za mahindi 28, mashudu 20, dagaa waliosagwa 8, unga wa mifupa 2.5, chokaa kilo 1, chumvi robo kilo na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) robo kilo. Ukipiga hesabu ya protini, mtama na pumba zikiwa na asilimia 10 hivi, mashudu 28 na dagaa 50, unapata asilimia 16 na kitu. Anayetaka kubadilisha kitu apige hesabu hiyo upya, asikisie. Kwa wanaoanza kutaga naacha hivyo hivyo, ila chokaa nawawekea pembeni kwenye kopo, wale wenyewe kadiri wanavyohitaji.

Kila kimoja kati ya hivyo kina ujanja wake sokoni. Dagaa nawajaribu kwa bakuli la maji: natia konzi moja, nakoroga, naacha kidogo. Mchanga unazama chini na unauona kwa macho. Nikiona umetanda chini ya bakuli, sinunui hata wapunguze bei, maana nanunua protini kwa bei ya protini. Waliotiwa chumvi pia nawaacha, chumvi nyingi inaua vifaranga. Mashudu navunja kipande na kuangalia ndani. Yakiwa yamejaa maganda meusi yana protini kidogo na nyuzi nyingi. Yakinuka mafuta yaliyooza nawaachia wenyewe.

Kuhusu pumba sina mzaha hata kidogo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu, na pumba za mahindi ya namna hiyo ndizo huishia kwenye mabanda ya kuku. Natia mkono mpaka katikati ya gunia. Zikiwa na joto, zimeshikana mabonge au zina harufu ya uvundo, siingizi nyumbani. Gunia nililonunua nalikalisha juu ya mbao, mbali na ukuta, na sinunui za zaidi ya mwezi mmoja.

Kupunguza gharama ya dagaa natumia mchwa. Jioni najaza chungu cha zamani mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mtama, nanyunyiza maji, nakigeuza juu ya tundu la mchwa na kufunika na gunia lenye unyevu. Alfajiri, kabla jua halijapanda, kinakuwa kimejaa. Vifaranga wa kuchi huwachangamkia mchwa kuliko kitu kingine chochote, na miguu yao inaonyesha. Mchana wote wanapata mchicha au majani ya kunde yaliyofungwa fungu na kuning'inizwa usawa wa vichwa vyao, waruke kidogo kuyafikia. Mazoezi hayo yanawasaidia miguu, na pia yanawapunguzia muda wa kudonoana.

Kudonoana ndiko kunakosumbua zaidi kwa kuchi. Wanaanza wakiwa wadogo. Chombo kimoja cha chakula hakitoshi, mnyonge hali, na baada ya mwezi unamwona amedumaa ukadhani ni ugonjwa. Naweka vyombo vitatu au vinne mbali mbali, vimeinuliwa usawa wa kifua. Majogoo wakifika miezi mitatu nawatenganisha na matetea, na anayezidi ukorofi anakaa peke yake. Kuna vijana huja kuwataka kwa ajili ya kupiganisha. Siwauzii, hata wakitaja bei gani.

Jogoo wa mbegu nambadilisha kabla hajaanza kuwapanda binti zake. Kwa sasa tumeelewana na mfugaji mmoja wa Chamwino na mwingine wa Manyoni: jogoo anazunguka kati yetu watatu, kila mmoja ameandika mama na baba wa kila tetea kwenye daftari. Msimu huu wa kiangazi anayekuja kwangu ni kijana wa Manyoni mwenye rangi ya kijivu, na matetea wake nimeshawatenga.