Jinsi tulivyomuuguza baba nyumbani Amani

Baba alirudi kijijini kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, baada ya kupigwa mionzi ya nyonga. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika mifupani, na daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba haitapona; kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Sisi tunakaa Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, juu huko kwenye iliki na mdalasini, ambako masika ikianza bodaboda hugoma kupanda. Kwa hiyo mimi, mtoto mkubwa, sikuwa tena na swali la hospitali gani. Nilichotaka kujua ni hiki: maumivu yakimshika usiku wa manane, nani afanye nini?

Tulipelekwa kwenye huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, hospitalini Muheza. Muuguzi alitupa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini kabla ya kutukabidhi chupa alitukalisha chini. Dawa hii, alisema, hutolewa kila baada ya saa 4 hata kama mgonjwa anajisikia nafuu, kwa kuwa nafuu yenyewe imeletwa na dozi iliyotangulia. Ukingoja mpaka alie, umeshachelewa. Ratiba yetu ikawa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mbili kwa mkupuo ili yeye na sisi tulale hadi alfajiri. Tulipima kwa bomba lisilo na sindano, si kwa kijiko, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Nilinunua daftari la shule nikalichora safu tatu: saa, kiasi, vidole. Vidole ndivyo vilivyotuokoa. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Baba ni mtu wa zamani, angekufa kabla ya kutamka kwamba anaumwa mbele ya wakwe zake, ila kunyoosha vidole hakukumshushia heshima. Akinyoosha vitatu au zaidi kabla ya saa kufika, tulimpa dozi ya ziada ya kiasi kilekile, kama tulivyoelekezwa, na kuiandika kwa kalamu nyekundu. Kliniki muuguzi alikuwa akihesabu nyekundu kwanza, ndipo anaamua kuongeza au kuacha.

Shangazi aligoma. "Hiyo ni dawa ya kumaliza watu," alisema, na siku mbili za mwanzo alionekana ana haki, kwa sababu baba alilala sana. Nilimpigia muuguzi nikaweka spika. Akamwambia, "Mama, huyu hajalala vizuri kwa muda mrefu, sasa analipa deni la usingizi. Mkimwita anaitika?" Alikuwa anaitika. Shangazi hakukubali siku hiyo. Alikubali baba alipoamka akaomba bada na kisamvu, tena akalalamika kwamba kisamvu hakina nazi ya kutosha.

Kilichotusumbua zaidi ya maumivu ni choo. Morfini hufunga tumbo, na haiachi kulifunga kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo vidonge vya kulainisha choo vinaanza siku ileile inayoanza morfini, havisubiri mtu akwame. Juu ya vidonge tulimpa kijiko cha mafuta ya kula kabla ya chai na mbegu za papai zilizokaushwa. Hili watu hawalisemi kwa aibu, na wagonjwa wengi huacha dawa kwa ajili yake.

Kumwogesha lilikuwa suala jingine. Mimi ni mwanawe. Alikataa katakata nimvue nguo, na sikumlazimisha. Tulimwita binamu yake, mtoto wa shangazi yake, mtani wake tangu utotoni. Huyo aliingia na beseni huku akimtukana, akimdai mbuzi kwa kila ndoo ya maji, na baba akicheka mpaka anakohoa. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha kwa sabuni pale mpira wa mkojo unapoingilia na kuhakikisha mfuko unakaa chini ya kiuno. Kazi yangu ikabaki daftari, dawa na safari za Muheza.

Jambo moja muuguzi alilirudia kila mara, nami nalirudia hapa: mgonjwa wa saratani iliyofika uti wa mgongo akipoteza nguvu miguuni ghafla, au akafa ganzi kuanzia kiunoni, usingoje tarehe ya kliniki. Ni dharura ya siku hiyohiyo. Kwetu halikutokea, lakini nilikuwa nimeshaelewana na mwenye gari mmoja pale sokoni.

Maumivu yaliposhuka hadi kidole kimoja, baba aliita wazee, akabebwa kwa kiti hadi shambani akaonyesha mipaka ya iliki, mti kwa mti. Ugomvi wa mpaka na jirani wa chini ulikuwa na miaka mingi. Ulikwisha asubuhi ile.

Alipofariki, nilirudisha Muheza morfini iliyobaki. Njiani mtu mmoja wa kijiji cha pili aliniomba chupa ile kwa ajili ya mkewe, karibu alie. Sikumpa, kwa kuwa dozi ya baba ingeweza kumdhuru mtu ambaye hajaizoea. Nilimpa nauli na namba ya simu ya muuguzi, na wiki iliyofuata alimpeleka mkewe kliniki.