Cousin, Kisiwa Ambacho Ndege Hujulikana Mmoja Mmoja

Boti iliyotutoa kisiwa cha Praslin, huko Shelisheli, hairuhusiwi kugusa mchanga wa Cousin. Ilisimama nje ya mawimbi hadi boti ya kisiwani ikaja kutuchukua. Mizigo ikakaguliwa, tukahamia, kisha nahodha akaongeza mwendo na kuipandisha boti ufukweni kwa kishindo. Kubadilisha boti na kukagua mizigo ni kwa sababu ya panya. Cousin haina panya, na jike mmoja mwenye mimba akishuka kutoka chombo cha wageni anaweza kuharibu kazi ya zaidi ya nusu karne.

Hatua chache tu msituni nikaelewa. Payanke, ndege mweupe wa baharini mwenye mkia mrefu, alikuwa ameatamia chini kabisa, kati ya mizizi, kando ya njia. Tulipita karibu naye, naye akatutazama tu. Juu yake golan blan, ndege mwingine mweupe wa baharini, alilalia yai lililokaa kwenye tawi tupu, bila kiota, bila hata jani moja. Mbele ya mnyama mla mayai, ndege hawa hawana kinga.

Lakini mimi nilimfuata mwingine: timerl dezil, ndege mdogo wa kahawia iliyochanganyika na kijani, mwenye sauti nzuri kuliko umbo lake. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote, wote kwenye kisiwa hiki kisichofika hektari 30. Msitu ulikuwa umegeuzwa shamba la minazi kwa ajili ya mbata. Mnazi ni mti wa heshima, ila timerl hudonoa wadudu chini ya majani mapana, na jani kama hilo mnazi hauna. Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo leo ni BirdLife International, lilikinunua kisiwa. Miche ya minazi ikang'olewa, miti ya asili kama pisonia ikarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege wakawa wamepita 300. Hawakufugwa kwenye vizimba. Walirudishiwa miti yao.

Mlinzi aliyetuongoza alinipa darubini na kunionyesha miguu ya timerl mmoja: pete za plastiki za rangi, na moja ya chuma yenye namba. Mpangilio wa rangi ndio utambulisho wake. Karibu kila timerl wa Cousin amevishwa, na watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu miaka ya 1980. Kwa kuwa ni nadra mno ndege hawa kuvuka bahari, asiyeonekana tena huandikwa kuwa amekufa. Hivyo inajulikana nani alianguliwa wapi, nani ameachana na mwenziwe, na binti yupi amebaki kwa wazazi kuwasaidia kulea wadogo zake. Tone la damu linalochukuliwa wakati wa kuvishwa pete limefichua hata hili: vifaranga wengi baba yao si yule dume anayewalisha.

Wapo wanaoona kuandika ndege ni starehe ya wasomi, na uhifadhi hasa ni ulinzi. Sikubaliani nao kabisa. Ni rekodi zilizoonyesha kwamba Cousin imejaa, na ni kwa kuwajua ndege mmoja mmoja ndipo wahifadhi walithubutu kuwachukua 29 mwaka 1988 na kuwapeleka kisiwa cha Aride. Wengine wakapelekwa kisiwa jirani cha Cousine mwaka 1990, Denis mwaka 2004 na Frégate mwaka 2011. Leo wapo katika visiwa vitano, na moto au ugonjwa wa mahali pamoja hauwezi kuwamaliza wote.

Tukirudi ufukweni, pi santez, ndege mweusi mwenye baka jeupe bawani, alitufuata nyuma, akiokota wadudu pale miguu yetu ilipofukua majani makavu. Naye ana pete. Mlinzi alisimama, akasoma rangi zake, akaziandika, ndipo tukaendelea. Ukienda, fahamu kwamba ada za wageni ndizo zinazosaidia kulipia kazi hii. Nenda na darubini yako, na ufungue mfuko wako ukaguliwe kabla hujaombwa.