Bango la Darasani na Swali Tusilouliza

Katika darasa tulimofanyia kikao cha wazazi mwezi uliopita limebandikwa bango la msichana mdogo aliyeinua kiganja, na chini yake maagizo matatu: sema hapana, kimbia, toa taarifa. Nililitazama kikao kizima, nikiona jinsi tulivyomtwika mtoto wa miaka saba mzigo wote wa kujilinda dhidi ya ukatili wa kingono.

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takwimu hizi tunazitaja mara kwa mara, lakini ni nadra kuuliza ni nini kilichotangulia hadi mtendaji wa ukatili huo akautenda.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, David Finkelhor, alieleza hatua nne zinazofikisha kwenye ukatili huo: mtendaji huwa na msukumo, huinyamazisha dhamiri yake, hukwepa uangalizi wa watu wa karibu na mtoto, kisha hushinda upinzani wa mtoto mwenyewe. Bango letu linaingia kazini katika hatua ya nne. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wengi wanaowadhuru watoto hawana mvuto wa kudumu kwa watoto. Wapo wanaosukumwa na tabia ya kutojali sheria wala maumivu ya wengine, na wapo wanaojihalalishia kwamba mtoto "hakukataa". Tena si wote ni watu wazima: katika takwimu za polisi za Marekani, zaidi ya theluthi ya wanaotuhumiwa kuwadhuru kingono watoto ni vijana walio chini ya miaka 18.

Baada ya kikao, mama mmoja alinivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba mwanawe alinajisiwa akiwa darasa la pili, na kwamba sasa shangazi zake hawamruhusu kulala chumba kimoja na binamu zake, kwa kuwa "aliyefanyiwa naye atafanya". Nilimweleza kwamba mtafiti Cathy Spatz Widom na mwenzake, katika utafiti wa mwaka 2015 uliowafuatilia hadi utu uzima watoto 908 waliodhulumiwa au kutelekezwa, hawakukuta kwamba waliodhulumiwa kingono walikamatwa zaidi kwa makosa ya kingono. Ongezeko lilionekana kwa waliopigwa na waliotelekezwa. Mama yule alilia. Nami naamini kabisa kwamba kauli ile ya mashangazi ni jeraha la pili kwa mtoto yule.

Mjini Berlin, hospitali ya Charité ilianzisha mwaka 2005 huduma ya siri kwa watu wanaovutiwa na watoto na wanaotaka kusaidiwa wasitende. Kwetu ipo namba 116, ambayo mtoto aliyedhuriwa anaweza kuipiga, na ninashukuru kwamba ipo. Kijana wa miaka kumi na sita anayeogopa mawazo yake mwenyewe, naye ampigie nani? Swali hilo nimeliandika kwa mwalimu mkuu, nikaomba liwe ajenda ya kikao kijacho.