Kura Nne za Fermanagh: kijana anapoingia siasa za jamhuri Ayalandi

Mei 2010, jimbo la Fermanagh na South Tyrone, Ayalandi Kaskazini. Michelle Gildernew wa Sinn Féin, chama kikuu cha wanajamhuri, alipata kura 21,304. Rodney Connor, mgombea huru aliyebebwa na wafuasi wa muungano na Uingereza, alipata 21,300. Kesi ikafika mahakamani. Majaji wakakuta karatasi tatu zisizojulikana zilikokwenda, wakaamua kwamba hata zote angepewa Connor, bado angeshindwa kwa kura moja. Kijana anayetaka kuingia siasa za jamhuri za Ayalandi azitazame kwanza kura hizo nne, kabla ya bendera na kabla ya michoro ya ukutani ya Falls Road, barabara ya wanajamhuri mjini Belfast.

Mwanajamhuri wa huko hana uhusiano na chama cha Republican cha Marekani. Ni mtu anayetaka kisiwa chote kiwe jamhuri moja, nje ya mamlaka ya Uingereza. Fikra hiyo ilipata umbo mwaka 1791 Belfast, kwa Wolfe Tone na wenzake wa United Irishmen, na wengi wa waanzilishi hao walikuwa Waprotestanti. Hilo lishike vizuri, maana utakutana na watu wa pande zote mbili wanaoamini kwamba haya ni mambo ya Wakatoliki peke yao.

Vijana wamekuwamo siku zote. Jumuiya ya vijana iitwayo Na Fianna Éireann ilianzishwa Dublin mwaka 1909 na Constance Markievicz na Bulmer Hobson. Con Colbert na Seán Heuston waliopitia humo walipigwa risasi na Waingereza 8 Mei 1916, baada ya uasi wa Pasaka. Bernadette Devlin aliingia bunge la Uingereza mwaka 1969 akiwa na miaka 21. Na jimbo hilohilo la Fermanagh ndilo lililomchagua Bobby Sands, mfungwa wa IRA, jeshi la siri la wanajamhuri, tarehe 9 Aprili 1981, akiwa gerezani katikati ya mgomo wa kula: kura 30,493 dhidi ya 29,046. Alikufa siku 26 baadaye, ana miaka 27. London ikabadili sheria ili mfungwa wa kifungo cha zaidi ya mwaka asigombee tena. Agosti, wakala wake wa uchaguzi, Owen Carron, akagombea kiti hicho na kushinda. Tangu hapo sanduku la kura likapanda thamani katika siasa hizi.

Basi kazi inaanzia wapi? Inaanzia kwenye cumann, yaani tawi la mtaa. Ógra Shinn Féin, jumuiya ya vijana ya chama, iko na ina watu, hasa vyuoni. Lakini kijana anayebaki chuoni tu hujifunza kubishana, hajifunzi mtaa. Tawi la mtaa ndilo linalojua nani kahama, nani kafiwa, taa gani ya barabarani imezima wiki ya tatu, na ndilo linaloweza kupeleka hoja Ard Fheis, mkutano mkuu wa chama.

Kazi ya kwanza utakayopewa huenda ikawa daftari la wapiga kura, na hapo ndipo kura nyingi za vijana hupotelea. Kaskazini kila mtu hujiandikisha mwenyewe kwa namba yake ya bima ya taifa, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukijiandikisha mtandaoni unapewa namba ya kidijitali. Itunze, kwa sababu huenda ukaihitaji kwenye ombi la kura ya posta. Kura ya posta huko yataka sababu, na kusoma mbali na nyumbani ni sababu. Kituoni lazima uwe na kitambulisho chenye picha. Cha chuo hakikubaliki, ila iko kadi maalumu ya uchaguzi inayotolewa bure, na pasipoti iliyokwisha muda inafaa mradi picha bado inafanana nawe.

Wasomaji wetu walioko huko nao wamo. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi Kaskazini anaweza kupiga kura kama raia wa Jumuiya ya Madola. Upande wa Kusini, yaani Jamhuri ya Ayalandi, mkazi yeyote wa miaka 18 na zaidi, hata Mkongo au Mrundi asiye na uraia wa huko, anapiga kura ya madiwani na anaweza kuugombea udiwani wenyewe.

Halafu kupiga hodi. Nendeni wawili wawili, jioni kabla giza halijaingia, na orodha ya mtaa mkononi. Mlango mmoja dakika mbili. Usibishane, mpinzani akikushika dakika kumi amekuibia nyumba tano. Andika jibu papo hapo, maana ukifika mwisho wa mtaa umeshachanganya namba 14 na 41. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Karatasi isukume kwa mwiko wa mbao, si kwa vidole: mbwa husubiri nyuma ya tundu la barua.

Swali utakaloulizwa sana ni kwa nini mbunge wa Sinn Féin haendi London. Jibu fupi: kuketi kunadai kiapo cha utii kwa mfalme, na chama kinakataa. Mshahara wa ubunge hawachukui, ila fedha za kuendesha ofisi za jimbo huchukua. Lisemeni lote, mkificha nusu ya pili mtaumbuliwa.

Mpiga kura pia mweleze karatasi yenyewe. Ubunge wa London ni alama ya X moja. Baraza la Belfast, yaani bunge la Ayalandi Kaskazini, halmashauri na bunge la Dublin ni 1, 2, 3 kwa mpangilio wa mapenzi yako. Kura yenye 1 mbili imeharibika. Akiruka kutoka 3 hadi 5, namba za baada ya 3 hazihesabiwi.

Hapa hesabu inanoga. Jimbo la Baraza lina viti 5. Kura halali 48,000 gawa kwa 6, ongeza 1: anayefikisha 8,001 amepita. Tuseme chama kina kura 22,000 na wagombea watatu. Wakipata 12,000, 6,000 na 4,000, ziada ya wa kwanza ni 3,999. Asilimia 70 zikienda kwa wa pili na 20 kwa wa tatu, wa pili anapita na ziada ya 798. Hata zikihamia nyingi, wa tatu anaishia kama 5,400, na mpinzani mwenye 6,000 anamla. Lakini wakigawana kama 7,300 kila mmoja, wote watatu wako juu ya mpinzani huyo tangu mwanzo. Ndiyo maana mtaa huu hupewa karatasi yenye A namba 1, na mtaa wa pili yenye B namba 1. Kijana akichanganya maboksi ya karatasi ameharibu mpango mzima.

Idadi ya wagombea nayo ina sumu pande zote. Mwaka 2019 Sinn Féin kilibaki na madiwani 81 Kusini, kikaogopa, na Februari 2020 kikasimamisha wagombea 42 tu wa bunge. Walipita 37, na ziada zao zikawapa viti vyama vingine vya mrengo wa kushoto. Juni 2024 kikasimamisha zaidi ya 300 kwa udiwani, umaarufu ukiwa umeshuka hadi asilimia 11.8, kikaambulia 102.

Kuna njia nyingine inayowavuta vijana, na nasema wazi kwamba ni mbaya. Katika mtaa wa Creggan, Derry, watoto husukumwa kurusha mabomu ya petroli huku watu wazima wenye bunduki wakiwa nyuma yao. Usiku wa 18 Aprili 2019 mtu wa New IRA, kundi dogo lenye silaha linaloupinga mchakato wa amani, alifyatua risasi katika fujo kama hizo, akamuua Lyra McKee, mwandishi wa miaka 29. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 unaruhusu muungano wa kisiwa kwa kura ya maoni, waziri wa London anapoona wengi wataelekea huko. Risasi haimsogezi mtu yeyote upande huo.

Baada ya kura, Kusini, mabango yashushwe ndani ya siku 7 pamoja na vile vibano vya plastiki vinavyosahaulika juu ya nguzo. Faini ni euro 150. Na siku ya kuhesabu, omba nafasi kwenye kizuizi kinachowatenga wahesabuji na watu wa vyama, ukiwa na penseli na ubao wa kuandikia. Kila sanduku lina mitaa yake. Karatasi zikifunuliwa, weka kijistari kwa kila 1 unayoiona, sanduku kwa sanduku, bila kuinua macho hata ukisikia shangwe. Ukitoka ukumbini utakuwa na orodha ya mitaa iliyowapa nyingi, iliyowapa chache, na ule mmoja ambao hakuna aliyekwenda kupiga hodi.