Msimu wa korosho: usizime data, ichuje

Minada ikianza Oktoba, karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao), awe Newala au Nachingwea kusini mwa Tanzania, ana kazi isiyovumilia kukatizwa: kuandika mizigo. Jina la mkulima, daraja, kilo, namba ya risiti. Umesoma 487 kwenye mzani, simu ikalia, ukarudi ukaandika 478. Jumla haikubaliani tena na ya ghala na utakesha unasaka kilo 9. (Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza tarakimu zilizopishana.)

Wengi hushauri kuzima data. Kwa karani haufai ushauri huo, maana tarehe ya mnada, bei na maelekezo ya chama kikuu hupitia WhatsApp ileile inayoleta vichekesho na uvumi wa bei. Dawa ni kuchuja, na uchuje kabla mizigo haijaanza kuingia, si foleni ikiwa mlangoni.

Anza na makundi. Fungua kundi, gusa jina lake juu, zima arifa na uchague daima. Ukichagua saa 8, kesho asubuhi kelele zimerudi. Kisha liweke kwenye kumbukumbu (archive) lisikae mbele ya macho. Usiyaguse la chama na la ghala. Ukitajwa au ukijibiwa katika kundi ulilozima, simu bado inaweza kukuarifu, na ni sawa. Zima pia upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Kifurushi nacho kitakaa.

Watu wa nyumbani waambie: la dharura, piga simu ya kawaida.

Kompyuta ndiyo yenye mtego zaidi. Ili Facebook isifunguke kwenye Windows, fungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, kisha fungua faili C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Usipochagua kuonyeshwa faili zote, hutaliona. Chini kabisa ongeza mistari hii, inayoelekeza jina la tovuti kwenye kompyuta yako yenyewe (127.0.0.1) badala ya mtandaoni:

127.0.0.1 facebook.com
127.0.0.1 www.facebook.com

Mistari yote miwili, kwa sababu kuzuia mmoja hakuzuii mwingine. Wengi hukwama kwenye kuhifadhi: faili likigeuka hosts.txt, Windows hailisomi kabisa. Na kama ukurasa bado unafunguka, funga kivinjari, andika ipconfig /flushdns kwenye dirisha la amri, ufungue upya.

Kuchungulia simu kidogo tu nako kuna gharama. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihamia kazi nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile uliyoiacha, hasa ikiwa haijaisha. Kwa hiyo kama lazima uchungulie, mmalize kwanza mkulima aliye mbele yako: kilo zimeandikwa, ametia saini, ameshika risiti yake. Katikati ya mzigo, hapana, hata kama ni bei ya mnada. Bei haibadiliki kwa kuisoma mapema.

Jioni ukitaka kuufungua mtandao, tia alama ya # mwanzoni mwa kila mstari ulioongeza badala ya kuufuta, kisha hifadhi. Asubuhi unaiondoa alama hiyo tu.