Nilivyootesha Vijidudu Kutoka Ndani ya Chumvi ya Kale

Kuotesha kijidudu ni sehemu nyepesi. Kazi ipo kwenye kuthibitisha kwamba kimetoka ndani ya fuwele ya chumvi, hakikudondoka kutoka hewani au mkononi mwako. Mwaka 2000 Russell Vreeland na wenzake walitangaza kuotesha bakteria kutoka chumvi ya New Mexico, Marekani, yenye umri wa miaka milioni 250. Wengi hawakukubali, kwani DNA yake ilifanana mno na ya jamaa zake wa leo, dalili kwamba huenda ni uchafu wa leo tu. Kwa hiyo nilipopata chumvi ya bonde la Death Valley, California, nguvu zangu nyingi zilienda kwenye usafi.

Kwanza nilichagua. Kwenye hadubini, fuwele nzuri ina mistari yenye ukungu. Ukungu huo ni vishimo vidogo mno, vingi vya mraba, vyenye maji ya ziwa yaliyonaswa chumvi ilipoganda. Sehemu inayong'aa kama kioo niliiacha, maana mara nyingi iliyeyuka ikaganda upya baadaye.

Kisha nikaosha fuwele ili kuua vilivyo juu yake, kwa asidi kali, halafu sodiamu haidroksaidi (nayo ni kemikali kali), zote zikiwa zimekolezwa chumvi, kwani maji matupu yangeiyeyusha fuwele yenyewe. Fuwele nyingine nilizipaka makusudi vijidudu ninavyovifahamu, nikaziosha vivyo hivyo. Hizo hazikuotesha kitu, nikajua njia inafaa. Fuwele safi nikazitia kwenye chupa zenye chakula cha vijidudu; pembeni nikaweka chupa za kulinganishia, zenye chakula tu, bila chumvi ya kale.

Baada ya hapo ni kusubiri wiki hata miezi. Brian Schubert na wenzake walijaribu fuwele zipatazo 900 za bonde hilohilo, zikaotesha 5 tu, kwa hiyo chupa tupu hazikunivunja moyo. Wao wanaamini vijidudu hivyo viliishi kwa kula gliseroli (kiowevu kitamu) ya mwani mdogo wa Dunaliella ulionaswa navyo, wazo ambalo mimi naliona zuri mno.

Hatimaye maji ya chupa moja yakapoteza uangavu, halafu yakageuka waridi, rangi ninayoijua tangu utotoni kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Nikazikimbilia chupa za kulinganishia: zote zilikuwa safi. DNA ikaonyesha arkea (vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini vya kundi tofauti) wa jamii ya wapenda chumvi.

Nusu ya fuwele ileile, ambayo niliihifadhi bila kuigusa, nimeipeleka maabara nyingine ambako vijidudu vya chumvi havijawahi kuoteshwa. Majibu yao yasipofika, siandiki umri wowote.