Siku moja maishani mwangu: kuvusha eskaveta kwenda Kalemie

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Ni dereva wa lobedi, lori la sakafu ya chini la kubebea mitambo. Amelala Uvinza, maana mzigo mpana hautembezwi usiku.

"Shikamoo mama. Mwanga ukitoka tu, naondoka."

"Marahaba mwanangu. Cheni za kufungia mzigo umezikagua?"

Amezikagua, na gari la kuongoza lenye bendera nyekundu liko naye. Nabandika chai na kufungua daftari langu.

Mimi ni wakala wa forodha na usafirishaji hapa Kigoma. Makontena nimewaachia wenzangu. Kazi yangu ni mizigo isiyoingia kwenye kontena: maeskaveta, matingatinga, majenereta makubwa, vinu vya kusagia kokoto. Mlango wa kontena haufiki hata mita mbili na nusu kwa upana, wakati eskaveta ya kawaida ya tani 22 inakaribia mita tatu. Mtambo wa namna hiyo husafiri wazi tangu unakotoka, na kila unapohama chombo kuna mtu lazima aamue utapandaje na utafungwaje. Huku kwenye Ziwa Tanganyika, mtu huyo ni mimi.

Wa leo ni mtambo uliotumika, umenunuliwa Japani na mkandarasi wa barabara wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Ulipanda ile meli ya magari, ukashuka Dar es Salaam ukitembea kwa cheni zake wenyewe, ukawekwa kwenye lobedi na kupita Dodoma na Tabora, zaidi ya kilomita 1,200 hadi hapa. Uzito haukuwa tatizo barabarani, kwa sababu gari na mzigo wake havikufika tani 56 zinazoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Upana ndio ulizidi, ndiyo maana ukaombewa kibali maalumu.

Saa moja, nikiwa kwenye daladala kutoka mtaa wa Mwanga, naipitia tena hati ya shehena. Urefu mita 9.50, upana 2.98, kimo 3.10. Wateja wengi hapa ndipo wanaponiuliza kwa nini nauli ya meli ni kubwa hivyo. Meli za mitambo hutoza kwa tani au kwa mita ya ujazo, na inayohesabiwa ni ile iliyo kubwa. Mtambo huu una tani 22 tu, lakini ukizidisha vipimo vyake unapata karibu mita 88 za ujazo. Unalipia 88. Ndiyo maana nawaambia wakunje mkono vizuri, wavue ndoo ya kuchotea na kuilaza pembeni, washushe kila kinachochomoza juu ya kibanda kabla mpimaji wa meli hajafika. Kila unachokikunja kinapunguza nauli.

Saa mbili niko bandarini. Karatasi zinaenda haraka leo: tamko la forodha la mzigo unaopita nchini, dhamana, na FERI, hati ambayo Kongo huidai kwa kila shehena inayoingia kwao. Kaka wa forodha anauliza kama lakiri ya kufuatilia gari iko salama. Iko salama. Namwomba asinisahau jioni, kwa sababu mtambo usipothibitishwa kwamba umetoka nchini, dhamana haifunguliwi, na pesa ya mtu inabaki imefungwa.

Saa nne na nusu lobedi inaingia getini, imejaa vumbi jekundu la kiangazi hadi kwenye vioo. Dereva anataka kushusha mara moja. Namwambia apumzike, anywe maji, kwanza nipime.

Hili la kupima nalishikilia na sitaliacha. Miaka kadhaa iliyopita niliamini karatasi ya tingatinga moja. Iliandika tani 18. Nyuma ya lile tingatinga mtu alikuwa amefunga jino la kuchimbulia mawe, na karatasi haikubadilishwa. Lilipokanyaga mlango wa tishari, kile chombo bapa cha mizigo kinachovutwa majini, chuma kilipinda kama bati, tishari likalala upande mmoja, na opereta aliruka gatini kwa kudra ya Mungu. Hakuumia. Lakini nilimwona mkewe siku ya pili sokoni, akanisalimia vizuri tu, nami sikuweza kumtazama machoni. Tangu siku ile futikamba haitoki kwenye mkoba wangu.

Navuta futikamba kutoka ukingo wa nje wa cheni ya kushoto hadi ya kulia. Mita 3.17. Narudia. 3.17.

Sababu naiona nikiinama. Vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi, ambavyo mafundi huviita viatu vya cheni, si vya milimita 600 kama katalogi inavyosema. Ni vya 790, vile vipana vya kutembelea kwenye tope. Umbali kati ya cheni mbili ni uleule, mita 2.38, lakini kiatu kimeongeza sentimita 19. Aliyejaza hati alinakili katalogi.

Sentimita 19 zinaweza kuonekana ndogo. Mlango wa tishari letu una mita 3.30 kati ya kingo. Kwa upana ulioandikwa, opereta angekuwa na sentimita 16 kila upande. Kwa upana wa kweli anabaki na sita na nusu, juu ya chombo kinachochezacheza majini.

Nahodha wa tagi, meli ndogo inayovuta tishari, ni mzee wa Kalemie; anatazama daftari langu, kisha analitazama ziwa. Upepo wa kusini umeanza kukaza na maji yanapiga gati.

"Mama, mupepo iko mubaya. Tungoye."

Tunangoja. Mteja anapiga simu mara mbili kuuliza kwa nini, na mara zote mbili namweleza bila kumficha: ukingo ukigusa cheni, mtambo unaweza kukaa mshazari, na ukikaa mshazari hakuna wa kuurudisha. Ananielewa. Hapendi, ila ananielewa.

Saa nane tunakula kwa mama lishe nje ya geti, ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Opereta ni kijana wa Ujiji, mpole, na leo anakula bila raha. Namwonyesha meli kongwe ya MV Liemba na kumsimulia jinsi ilivyofika hapa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na hapa ikaunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kijana ananiambia sasa ameelewa kwa nini nilimtaka apake grisi zile fimbo zinazong'aa za silinda. Nafurahi. Maji yakizirukia usiku kucha bila grisi, kutu inaanza, na silinda yenye kutu inavuja mafuta.

Saa kumi upepo unalegea. Tunaanza na maji, mtambo baadaye. Tishari hili lina urefu wa mita 40 na upana wa 10. Mtambo wa tani 22 ukikaa katikati, linazama sentimita tano na nusu tu. Lakini uzito uleule ukiwa mwishoni kabisa, pale mlangoni, ncha ile inashuka mara nne ya hapo, sentimita 22. Hilo ndilo lililonipata na tingatinga. Kwa hiyo tunajaza maji matangi ya nyuma mapema, mbele inyanyuke, ili mtambo ukikanyaga ncha ishuke hadi usawa wa gati, isipite hapo.

Opereta anapanda. Mimi nasimama mbele yake, mikono juu; sarang'i, mkuu wa mabaharia, analinda kushoto, dereva wa lobedi kulia. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema neno. Cheni zinasogea shubiri kwa shubiri. Mlango unashuka, unalia, unatulia. Kulia dereva ananionyesha vidole vinne: sentimita nne. Nampungia opereta aende kushoto kidogo, kidogo tena. Dakika kumi na moja. Cheni za nyuma zinapovuka ukingo, sarang'i anasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, na mimi naona miguu yangu inatetemeka.

Kufunga kunachukua muda kuliko kupakia. Chini tumetandika mataruma ya mbao, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza. Kanuni ya Shirika la Kimataifa la Bahari inaelekeza kwamba nguvu salama ya vifungio vya kila upande ijumlishwe, ifikie angalau uzito wa mzigo wenyewe. Cheni zetu za kufungia zina nguvu salama ya tani 10 kila moja. Mbili kwa upande hazitoshi tani 22, tunaweka tatu. Zinapigwa kwa kulala, zisisimame wima, maana cheni iliyosimama haizuii kuteleza. Hakuna inayopita juu ya mpira wa mafuta. Pini ya kuzuia mwili wa juu usizunguke iko mahali pake, betri imetenganishwa. Nazunguka na tochi, naishika kila shekeli, pingu ya kuungia cheni, kwa mkono.

Saa mbili usiku tagi inavuta. Hadi Kalemie ni kama kilomita 130. Kaka wa forodha hakunisahau. Uthibitisho wa kutoka upo kwenye mfumo kabla sijafika nyumbani.

Saa nne, nikiwa kitandani, mteja ananiandikia kumshukuru. Anasema tingatinga lake liko kwenye yadi Japani, litapakiwa mwezi ujao, na amenitumia vipimo vyake.

Namjibu: "Sihitaji vipimo hivyo. Mwombe muuzaji aweke rula juu ya kiatu cha cheni, apige picha."